Mzee Aliyegonga Nguzo Naitiri

Usiniambie nilikuwa nimelewa. Sinywi, na ilikuwa saa tisa mchana, jua linawaka. Niliyoyaona pale Naitiri niliyaona kwa macho haya.

Mimi ni fundi wa majengo ya vyuma, karakana yangu iko Kitale, na kwa kazi hii sina mpinzani. Ghala la mbao litaliwa na mchwa. La chuma ni ghali mwanzoni, lakini leo unaweka mahindi, kesho unafanyia harusi, ukihama unafungua nati na kuondoka nalo. Ndivyo nilivyomshawishi Mama Nekesa wa Naitiri, mjane aliyekuwa amepoteza mavuno mawili kwa ghala bovu. Pesa zake hazikutosha nguzo mpya, basi nikamtafutia nne za mtumba, za bomba lenye uwazi ndani, kwa muuza vyuma wa Bungoma. Zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu, zinang'aa. Nani angezitilia shaka?

Siku hiyo paa lilikuwa tayari juu. Kesho yake akina mama wa kanisa wangekuja kuliombea ghala, wakiwa humo ndani. Vijana wangu walikuwa wamekwenda kula, nikabaki nikikaza nati za mwisho. Nikasikia ko, ko, ko. Mzee mmoja aliyevaa viatu vya gambuti alikuwa anagonga nguzo kwa jiwe la mtoni, sikio kaliweka kwenye chuma.

"Hizi tatu ni mzima," akasema. "Hii ya nne imejaa maji."

"Mzee, hiyo nimesimamisha mimi mwenyewe."

"Na mimi ndio nilichomelea. Si utoboe hapa chini uone, bana."

Nilicheka. Nikainama kuokota spana, na nilipoinuka hakuwapo. Chini palikuwa na tope la mvua ya jana, na nyayo zote zilikuwa zangu na za vijana wangu; ya gambuti haikuwapo hata moja. Niamini, niliogopa. Jiwe lake lilikuwa limebaki kando ya nguzo ya nne.

Nikachukua drili nikatoboa. Maji mekundu ya kutu yakanimwagikia viatuni. Chuma kilikuwa kimeliwa kwa ndani, kimebaki chembamba kama ganda la yai.

Maombi yaliahirishwa, nguzo mpya nikainunua mwenyewe. Kisha nikaenda Bungoma kugombana na yule muuzaji. Nilipomwonyesha jiwe, aliketi.

"Umetoa wapi hii? Ni ya fundi aliyejenga stoo ya Sirisia, kwenye nguzo zako zilitoka. Alikuwa hawezi kukabidhi kazi bila kugonga. Si tulimzika mwaka juzi, na hiyo jiwe tukaiweka ndani ya sanduku."

Sikugombana tena.

Mama Nekesa huwaambia watu kwamba mimi ndiye fundi bora kuliko wote. Zamani ningekubali. Siku hizi natembea na lile jiwe mfukoni, na siinui paa kabla sijagonga. Nawe unayejenga, nunua mtumba ukitaka, sikukatazi. Lakini siku ukimsikia mtu anagonga nguzo uliyoisimamisha wewe, usicheke. Akina mama wale waliimba chini ya paa langu Jumapili iliyofuata, na hakuna hata mmoja anayejua ni nani aliyewaokoa.