Kimulimuli, fundi asiyeshikana mikono na mtu

Saa mbili asubuhi, duka la simu halijafunguliwa. Juu ya ngazi, mwanamume aliyevaa glavu mbili katika kila mkono anakaza kizibo cha kikopo kilichofichwa juu ya mlango. Amebana pumzi mpaka kizibo kikae.

"Kimulimuli, shuka, chai inapoa!" anaita mwenye duka.

"Niwekee hapo kizingitini, dada. Usinipe mkononi."

"Kwani mkono wangu una miiba?"

"Wako hauna. Wangu ndio una mambo."

Jina hilo alipewa mtaani kwa ajili ya kazi yake. Kikopo kina dawa isiyo na rangi wala harufu. Mwizi akivunja duka, humrukia anapotoka. Hata aoge na kubadili nguo, polisi wakimmulika kwa taa maalumu, ngozi inang'aa kijani. Kila duka lina mchanganyiko wake, hivyo maabara hujua alikotoka.

Lakini dawa haichagui mwizi wala fundi. Tone likipenya glavu, humhamia yeyote atakayemgusa.

Mwaka jana lilihama. Katika msiba wa mama yao, alimkumbatia mdogo wake, ambaye ni kinyozi. Baadaye polisi walifanya msako mtaani. Taa ikapita shingoni mwa kinyozi, shingo ikawaka. Alilala mahabusu mpaka maabara ilipogundua kuwa mchanganyiko ule ni wa duka ambalo halijavunjwa hata mara moja.

"Yeye alitoka, jina lake likabaki ndani," anasema fundi kwa sauti ya chini. "Wateja wakamkimbia. Wakasema lisemwalo lipo."

Tangu hapo hawajaonana. Mdogo wake ndiye aliyekuwa akimnyoa tangu ujana wao. Sasa Kimulimuli hujinyoa mwenyewe mbele ya kioo, na kisogo hukipapasa tu. Kwenye harusi huchagua kiti cha mwisho, karibu na mlango.

"Wanasema mkono mtupu haulambwi," anacheka kidogo. "Wangu umejaa, na bado hakuna anayeutaka."

Wiki iliyopita simu yake iliita. Alikuwa mdogo wake.

"Kaka, nimekuona ng'ambo ya barabara. Siku hizi unanyolewa na panya?"

Kimulimuli alijipapasa kisogo.

"Njoo. Ila uje na taa yako. Nikumulike kwanza, ndipo ukae kwenye kiti changu."

Hakukasirika. "Ni haki yake," anasema. Kila jioni hujimulika, na kila jioni ukingo wa kucha ya gumba unang'aa.

Umebaki mlango wa nyuma. Kikopo chake amekwisha kukibandika, lakini hakitiwi dawa mpaka gundi ishike.

"Nikishakijaza hiki, nachukua likizo. Sigusi dawa tena mpaka taa ikose cha kuonyesha. Halafu nakwenda kunyolewa."

Anakisukuma kikopo kwa ncha ya kidole. Bado kinacheza. Anakunja ngazi, atarudi kesho.