Uyoga wa Mama Mkwe

Nina hasira, na msinipoze: anayestahili makofi ni mimi. Mama mkwe alikuja kwa treni kutoka Usoke, akachuma uyoga bustanini kwangu, akaupika kwa karanga. Mimi, karani wa boma hapa Tabora, niliporudi mchana nikalinganisha uliobaki kwenye ungo na picha za kitabu cha bwana mkubwa wangu. "Sumu!" nikafoka, nikamwaga chungu kizima uani. Kuku wakaudonoa. Ili wasife kibudu, nikawachinja wote watano mbele ya majirani, huku nikiwatukana wanawake wasiojua kusoma.

Mama mkwe alisubiri nimalize, mwiko mkononi.

"Mkwe wangu," akasema, "mimi nimeuonja tangu asubuhi. Na mimi utanichinja?"