Dawa ya Moshi Niliyomwagia Lengalenga

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipokwenda Lubondja kuchukua bibi harusi. Bibi harusi akaondoka, mimi nikabaki. Usicheke kwanza. Utacheka baadaye, tena hutakuwa wa kwanza.

Kwa miaka sikuwa kijana; mvi zilikuwa zimeshaanza kunichungulia. Lakini ujana haukai kwenye nywele, na kichwa changu kilikuwa bado kibichi. Nilikuwa nimeendesha magari ya kati ya miji ya Baraka na Fizi tangu enzi za malori ya kusukumwa ndipo yawake, na niliamini kwamba gari lina mahitaji matatu tu: maji, oili, na mazutu, yaani dizeli.

Basi kanisa letu likapata basi dogo kutoka Ulaya. Fundi aliyelileta, mtu mpole wa Uvira, akanionyesha kifuniko cha buluu kando ya tundu la mazutu.

"Papa, hapa njo banatiaka dawa ya moshi. Ikiisha, na unazima moteri, haitawaka tena."

Akanikabidhi bidoni mbili zilizojaa maji maangavu. Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia, kumbe macho yangu yalikuwa kwenye bidoni. Wewe unazijua bidoni zetu za mawese, zilizozibwa kwa plastiki ya kuyeyusha na kufungwa kwa kipande cha mfuko. Hizi zilikuwa nene, safi, na kifuniko kinachofunga kweli. Jioni ile ile nikamwaga dawa yote nyuma ya nyumba, kwenye bustani ya mboga za lengalenga za mke wangu, Mama Furaha, nikaosha bidoni, nikatia mawese. Mama Furaha alinisifu. Lengalenga nazo, baada ya mvua kubwa kuzinyeshea, zilipanda mpaka kiunoni, kumbe dawa ile ina mbolea ndani yake, na majirani wakaanza kuulizia mbegu.

Baada ya wiki kadhaa taa ikawaka mbele yangu, na chini yake hesabu ya kilomita zilizobaki ikawa inapungua kila siku. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilichoziba ni taa: nikabandika plasta juu yake. Nikajiambia kwamba gari lisilozimwa haliwezi kukataa kuwaka, na nikajiona mwerevu.

Jumamosi hiyo shemeji yangu, mdogo wake Mama Furaha, alikuwa anaoa. Nilitumwa pamoja na kwaya nzima kumchukua bibi harusi, Neema, kwao, tumfikishe kanisani Baraka kabla ya saa sita, maana mchungaji alikuwa na safari. Tulifika Lubondja kwa nyimbo na vigelegele. Hesabu ilikuwa imeisha njiani, kwa hiyo moteri sikuizima.

Kwa kina Neema, binti hatoki kuolewa kabla bibi yake, ambaye wote tulimwita Koko, hajampulizia maji na kumtamkia heri. Koko akatoka na kikombe chake, akasimama, akalitazama gari linalonguruma.

"Shofere, zima hiyo kitu. Mungu haiko kiziwi, lakini miye nataka nisikie maneno yangu mwenyewe."

"Koko, utusamehe, moteri iko na baridi."

"Kama iko na baridi, ilale."

Watu wote wakanigeukia. Nani atambishia bibi wa bibi harusi siku hiyo? Nikazima. Baraka zikatolewa, ndefu na nzuri, hata sikumbuki neno moja, kwa sababu nilikuwa naomba dua yangu pembeni. Kisha nikazungusha ufunguo. Kimya. Kwaya ikasukuma gari mpaka sauti ya tatu ikakauka, lakini hilo halikuwa gari la kusukumwa.

Kule Baraka bwana harusi alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa. Zikaitwa pikipiki. Neema akapanda kiubavu, shela limefungwa kwa kitenge, machozi yakimlenga. Alifika na shela la rangi ya barabara, lakini alifika. Mimi nilikuwa na jukumu la kulinda gari la kanisa, nikabaki.

Koko akanivutia kiti. "Banakuya kubeba mutoto wetu, banatuachia muzee. Hii ni ndoa ao ni kubadilishana?"

Siku mbili nililishwa kama mkwe, kuku na ugali wa muhogo. Siku ya tatu, kama methali inavyotaka, nikakuta jembe limeegemezwa mlangoni. Nililima karanga za Koko siku tano, shemeji yangu akiwa ameketi Baraka na mke wake.

Ndipo bidoni moja ikafika kwa pikipiki, imetoka Uvira, na ujumbe wa Mama Furaha: "Dawa tia kwa gari. Bidoni rudisha. Na kama inabakia kidogo, lengalenga iko nakuulizia."

Nikafungua kifuniko cha buluu, nikatia polepole, nikafuta yaliyodondoka. Kazi yote haikufika dakika kumi. Nikabandua plasta, nikazungusha ufunguo, moteri ikawaka. Koko alikuwa amesimama dirishani. Akaiona ile plasta mkononi mwangu.

"Kumbe gari ilikuwa nakuambia, weye ukaifunga kinywa."

Fimbo ingeniuma kidogo kuliko neno lile.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukipewa kitu usichokijua, usikodolee chombo. Uliza kilichomo ni cha nini. Na taa ikikuwakia, iwe ya gari, iwe ya mwili wako, iwe uso wa mkeo utakapooa, usiifunge kinywa. Mimi nilikwepa kazi ya dakika kumi, na aliyelipia ni binti wa watu, siku aliyoingojea maisha yake yote.

Mungu akupe masikio kabla ya mvi. Na siku yako ya harusi ikifika, gari lizimwe wakati wa baraka, uzisikie zote, kisha liwake.