Picha ya Saa Saba Mchana

Anifa hakuwa mtu wa kupenda ndege. Hilo lieleweke kwanza, maana siku hizi pale Karatu wapo wanaomsimulia kana kwamba alizaliwa na chiriku mkononi. Alizaliwa Singida, na utoto wake aliumalizia dunguni, lile jukwaa la miti katikati ya shamba la uwele, akipiga debe na kuwazomea kwelea tangu kunakucha mpaka jua linazama. Kwelea walimkosesha shule miaka miwili. Enzi zile ungemwambia kuwa ndege ni pambo, angekutukana.

Alifika Karatu ana miaka ishirini, akachuma kahawa ya watu miaka thelathini na mmoja, mpaka goti la kushoto likagoma. Akajenga vyumba viwili vya tofali karibu na barabara ya kupanda lango la Ngorongoro, ile inayopita magari ya wageni yakimwaga vumbi kwenye nguo za watu. Kiangazi kimoja akalipasua tairi kuukuu, akalijaza maji kwa ajili ya kuku wake, akakaa kibarazani kumenya viazi. Wakaja chiriku wa njano. Wakaja kwezi wenye migongo ya buluu inayong'aa. Anifa akasahau viazi. Kumbe miaka yote ile alikuwa akiwapigia kelele viumbe ambao hajawahi kuwatazama wametulia! Aliona haya peke yake, hapo hapo kibarazani.

Basi akaanza. Akaitoboa ndoo tundu dogo la sindano, akaitundika juu ya lile tairi ili maji yadondoke tone tone, maana ndege husikia tone kabla hajayaona maji. Akachomeka papai bivu kwenye msumari. Akapanda shubiri kwa ajili ya chozi, wale wadogo wenye mdomo uliopinda wanaonyonya maua. Majirani wakasema mama wa watu kachanganyikiwa, wenzake wanalima mahindi mpaka mlangoni, yeye anawalisha ndege papai. Akawajibu kwamba papai ni lake na tumbo ni la ndege, wao linawauma nini?

Baadaye ndege hao wakavuta wapiga picha, na aliyewaleta ni Wilibrodi, jirani wa nyumba ya tatu, mtu mzima mwenye mke na watoto, kazi yake kuwaongoza wageni. Alimwita Anifa shangazi, ingawa yeye ni Mwiraqw na Anifa ni Mnyaturu na hakuna damu yoyote kati yao. Siku moja alikuja na mgeni aliyekaa nyuma ya nyumba saa tatu nzima bila kutikisika, akaondoka akicheka peke yake kwa furaha. Baada ya huyo wakaja wengine. Anifa akasimamisha kibanda kwa viroba vilivyobebewa vitunguu vya Mang'ola, akakitoboa matundu ya kutolea lenzi, akaweka benchi ndani. Na masharti yalikuwa matatu tu: hutoki kibandani, huchezeshi sauti ya ndege kwenye simu kuwahadaa, na hugusi jani. Wilibrodi aliyajua masharti hayo kuliko jina lake, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiyatafsiri.

Januari ya mwaka jana Bwana Harusi akajenga. Jina hilo alilitunga Anifa mwenyewe. Ni ndege mwenye kichwa cheusi na mgongo wa rangi ya tofali lililoiva, na dume ana mkia mrefu mara mbili ya mwili wake, anauburuta hewani kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima. Miaka mitatu alikuwa akija kunywa maji tu na kwenda zake. Safari hii akaja na mke. Wakajenga kwenye tawi jembamba la mforsadi, kiota kisichozidi kikombe cha kahawa, kimefungwafungwa kwa utando wa buibui, majani mapana yamekifunika juu na ubavuni. Wakatoka makinda watatu. Anifa alitembea kwa ncha za vidole katika uwanja wake mwenyewe. Kuku aliwafungia bandani. Hata redio aliizima wiki mbili.

Na hakumwambia mtu, isipokuwa mmoja. Wilibrodi alipita jioni moja na kilo ya sukari, akamsalimu kwa Kiiraqw, "Saita, shangazi. Ndege wako hawajambo?" Furaha ikamzidi Anifa, akamshika mkono, akampeleka mpaka chini ya mforsadi akamwonyesha. Mpaka leo akikumbuka anajipiga kofi la mdomo. Mdomo huu, husema, mdomo huu!

Alhamisi iliyofuata kulikuwa na msiba kwa jirani. Anifa akaenda kupika tangu alfajiri, akarudi saa saba mchana, jua la kupasua kichwa. Alipozunguka nyumba, kitu cha kwanza alichokiona ni mwanga. Chini ya mforsadi hapakuwahi kuwa na mwanga saa hiyo. Sasa palikuwa peupe. Matawi manne yalilala chini, majani yameanza kunywea, na kiota kilibaki juu ya kijiti kimoja kitupu, kimeanikwa. Hatua tano kutoka hapo, nje kabisa ya kibanda, alisimama mwanamke amevaa kofia pana, kamera yake juu ya miguu mitatu ya chuma, anapiga picha mfululizo. Pembeni yake Wilibrodi, panga mkononi.

"Nani kakata?" Anifa aliuliza.

"Shangazi, pole na msiba," Wilibrodi akasema kwa macho makavu. "Huyu ni dada Doreen, ametoka Arusha, anatengeneza kalenda. Majani yalikuwa yanamziba, nikapunguza kidogo. Ni majani tu, yataota."

"Yataota lini, Wilibrodi? Watoto wanapikwa leo!"

"Mama, samahani," akasema Doreen, jicho bado liko kwenye kamera. "Dakika mbili nimalize. Mwanga ni mzuri sana."

Hapo hasira zikampanda Anifa mpaka utosini. Mwanga mzuri! Makinda watatu hawana hata manyoya ya kutosha, wako juani kama dagaa, mama yao anaruka juu ya paa la choo hawezi kushuka kwa sababu kuna watu chini ya mlango wake, halafu mtu mwenye shule yake anasema mwanga ni mzuri! Anifa aliishika ile kamera pamoja na miguu yake, akaibeba, goti na yote, akaenda kuiweka barabarani. Doreen akamfuata anapiga kelele kwamba ni kitu cha mamilioni. "Na mimi nina vitu vyangu," Anifa akamwambia. "Umeviona, umevipiga picha. Nenda."

Wilibrodi alipewa vidonge vyake, na majirani wote wakavisikia. "Ungekuwa hujui ningekusamehe. Wewe unajua! Masharti yangu yanatoka kinywani mwako kila siku, kumbe mwenyewe hujawahi kuyasikia. Usikanyage hapa!"

Kisha akarudi peke yake. Akayaokota yale matawi manne, akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akayafunga moja moja kwa kamba za viroba pale yalipokatwa. Kinda mmoja alikuwa ameshakufa, shingo imelala ukingoni. Wawili walikuwa hai. Akaingia ndani, akafunga dirisha mama ndege asimwone, akamwomba Mungu. Lakini tawi lililokatwa halina maisha. Kufika jioni majani yalikuwa yamejikunja kama tumbaku, na kiota kikaonekana hata kutoka barabarani. Asubuhi alikikuta kitupu, na kunguru wawili juu ya paa la choo wanajisafisha midomo.

Miezi kumi na moja Wilibrodi hakukanyaga hapo. Wageni walimuuliza habari za kibanda cha viroba, akawa anawadanganya kwamba mama amesafiri. Desemba, maji yalipomfika shingoni, alikuja na kitu kimekunjwa chini ya kwapa.

"Shangazi, hasira za mwaka mzima jamani? Nimekuletea zawadi. Tazama uwanja wako ulivyopendeza."

Ilikuwa kalenda, karatasi nzito, inang'aa. Mwezi wa nne, makinda watatu kiotani, midomo wazi, ndani ya midomo rangi ya chungwa. Chini pameandikwa: Asubuhi Njema kutoka Karatu. Na picha ilikuwa nzuri, huo ndio ubaya wenyewe. Ungeweza kuhesabu kila uzi wa buibui.

Anifa aliweka kidole juu ya makinda. "Wanafanya nini hapa?" akauliza.

"Wanaomba chakula."

"Wanamwomba nani? Mama yao yuko wapi?"

Wilibrodi akainama kuitazama picha upya.

"Kinda akiomba chakula hunyoosha shingo juu. Hawa shingo zimelala. Wanahema, Wilibrodi! Na asubuhi gani isiyo na kivuli? Hii ni saa saba mchana. Umeniletea picha ya watoto wanaokufa, unataka niitundike sebuleni."

Lakini aliichukua. Akaitundika ndani ya kibanda, mbele ya benchi, usawa wa macho. Akamwambia Wilibrodi alete wageni akitaka.

Wiki iliyofuata Wilibrodi akaleta wanne. Waliketi, wakaiona picha, wakatabasamu. Mmoja aliweka mkono kifuani kwa jinsi ilivyompendeza. Wilibrodi akaanza kuwaonyesha matundu ya lenzi.

"Picha kwanza," Anifa akasema. "Nasema, unatafsiri."

Akawaeleza tangu msiba mpaka matawi manne. Wilibrodi akatafsiri.

"Mimi nimesema maneno mengi, wewe umesema matatu. Rudia."

Akarudia. Tabasamu zikaanza kuisha.

"Waambie panga lilikuwa mkononi mwa nani."

Wilibrodi akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini, akijigusa kifua. Hakuna aliyeinua kamera. Kisha yule aliyeweka mkono kifuani akauliza kitu.

"Anasemaje?"

"Anauliza kama mama yao alirudi."

"Mjibu. Alirudi. Siku tatu mfululizo alikuja na mdudu mdomoni, anatua kwenye kile kijiti, anachungulia ndani, anaondoka na mdudu wake, anarudi tena."

Hilo Wilibrodi alikuwa hajawahi kulisikia. Aliigeukia kalenda. Wageni wanne walikuwa wanamsubiri.

"Tafsiri," Anifa akasema.