Mafiga Hayahami

Jirani yangu hapa mjini, mtaa wa Shieywe, hana subira ya kungoja jiko lipoe. Akimaliza kupika humwagia makaa maji, na harufu ya majivu mabichi hupanda ngazi, hupenya chini ya mlango wangu, ikanikuta nimeketi na uchovu wa siku nzima. Wengine harufu hiyo huwatia njaa. Mimi hunirudisha kijijini kwetu Shianda, kwenye mahame yaliyokuwa nyuma ya boma letu, na kwenye kosa nililolibeba tangu nina miaka tisa hadi mwezi uliopita.

Kwa lugha ya kwetu tulipaita litongo, yaani mahali watu walipoishi wakahama. Ungepatazama mchana usingeona kitu ila nusu ekari ya magugu katikati ya miwa. Lakini asubuhi, jua likiwa bado chini, vivuli vilifichua mengi: handaki la kale lililojaa udongo hadi likabaki kama mkunjo wa shuka, na vinundu vya mviringo palipokuwa na nyumba. Udongo ulikuwa mweusi kwa majivu na samadi ya watu tusiowajua majina, na mrenda, mboga yetu ya majani, uliota pale bila kupandwa, laini kuliko wa sokoni. Pembeni yalikaa mafiga matatu, yamezama nusu ardhini. Hayo hayakuwa ya watu wa kale. Yalikuwa ya bibi yangu, Kukhu.

Kukhu alipikia pale alipoolewa. Mtoto wake wa kwanza alifariki pale kabla hajaanza kutambaa, akazikwa bila msalaba wala jiwe, kisha yeye na babu wakahamia juu, karibu na barabara. "Mtu huhama," alizoea kusema, "mafiga hayahami." Kwetu hubebi mafiga ya zamani, unatafuta mengine. Kila alipokwenda kuchuma mrenda aliyasalimu kwanza, kama mtu anayempita jirani kiziwi.

Mwaka ule Baba aliamua kulima litongo. Simlaumu. Msimu wa mvua alikata miwa, kiangazi akachoma matofali, na jioni nyingi alisinzia mezani, mkono ungali umeshika tonge la obusuma, ugali wetu.

"Mama, trekta inakuja Jumatatu," alimwambia Kukhu.

"Na mtoto wangu?"

"Nionyeshe alipo. Nitamzungushia ua, nafasi ya kutosha kitanda. Kwingine napanda miwa."

"Kitanda," alisema Kukhu. "Ndugu yako mkubwa, unampimia kitanda."

Lakini hakuwa na nguvu ya kubishana. Alisema atamwonyesha Jumamosi. Kipimo alikuwa nacho kichwani: kutoka mafigani, hatua saba kuelekea jua linakochomoza. Hata mimi nilikijua, maana alinisimulia akinisuka nywele.

Wiki hiyo hiyo akaja Madamu Nekesa, mwalimu wa chuo kikuu ambaye kazi yake ilikuwa kuchimbua mahame. Alikuwa amesikia habari za handaki letu, akamwomba Baba siku chache kabla ya trekta. Alipigilia vigingi, akafunga kamba, akakwangua udongo taratibu kama mtu anayemwosha mgonjwa. Nilipotoka shule alinipa chekeche. Nikapepeta udongo mweusi hadi vikabaki vigae vya vyungu vyenye alama za kamba, na siku moja kipande cha jiwe la kusagia, katikati pamelika kwa mikono ya wanawake waliochoka kabla yetu.

Alitusimulia kwamba alipokuwa akisoma Uingereza alichimba kijiji kilichohamwa mamia ya miaka iliyopita. Kilichobaki juu ya ardhi ni kanisa peke yake kondeni, na nyasi zilizofunika vinundu vya nyumba na njia iliyodidimia kwa kukanyagwa. Kwanza maradhi yalipunguza watu. Kisha mwenye ardhi akaona sufu ina faida kuliko wakulima, akawatoa waliobaki, akaleta kondoo.

Kukhu alicheka hadi akashika kiuno. "Kondoo inafukuzanga watu? Kondoo hii hii ya mee?"

"Waliondoka, Kukhu. Kijiji kizima."

Kukhu akatazama miwa iliyotuzunguka pande zote, kicheko kikamwisha polepole. "Basi kondoo yetu ni ndefu," alisema, "na iko na majani."

Neno ambalo Madamu hakuchoka kulirudia ni kwamba kitu hakiondolewi mahali pake kabla hakijachorwa. "Ukikiondoa, umekinyamazisha," aliniambia. Ningeweza kuyaimba maneno hayo. Lakini Ijumaa, Madamu alipokuwa ameshaondoka akiahidi kuyachora mafiga kesho yake, Baba alirudi na habari kwamba dereva amemaliza kazi kwingine, atafika kesho asubuhi badala ya Jumatatu. Nikayaona akilini mafiga ya Kukhu yamepondwa chini ya majembe ya trekta. Sikumwuliza mtu. Nilisokota ngata ya majani ya mgomba, nikayang'oa kwa fimbo, nikayabeba kichwani moja moja, kila moja zito kama mtoto aliyelala. Nikayapanga jikoni kwa Kukhu, nikayasugua masizi, nikangoja kusifiwa. Usiku ikanyesha.

Asubuhi Kukhu alisimama mlangoni akiyatazama.

"Nani ameleta hizi?"

"Ni mimi, Kukhu. Nimeziokoa."

Hakunigombeza. Alijifunga leso kiunoni, akashika njia ya litongo, nami nyuma yake.

Trekta ilikuwa tayari inanguruma kando ya njia tulipofika litongo, na majirani wamekuja kutazama. Kukhu akaanza kuhesabu hatua, akaacha, akaanzia pengine, akaacha tena. Mvua ilikuwa imesawazisha kila kitu. Nililia, kwa maana ndipo nilipoelewa: hatua saba, lakini kutoka wapi? Madamu Nekesa, aliyekuwa amekuja na daftari kuyachora mafiga, akainama karibu na ukingo wa litongo, akafuta tope kwa kiganja, akainua uso, mdomo wazi kama mtu anayetaka kusema neno. Kukhu akamtazama. Madamu akafunga mdomo, kisha akafunga na daftari.

"Hapajulikani," Kukhu alisema kwa sauti iliyomfikia hata dereva. "Huyu mtoto ametoa alama. Sasa siwezi kusema mwanangu yuko hapa ama yuko pale. Yuko kote."

Baba alisogea pale Madamu alipoinama, akatazama chini kwa muda mrefu, kisha akamgeukia dereva. "Rudi tu. Siwezi kupitisha trekta juu ya ndugu yangu."

"Ni huyu ndio amepoteza kaburi," mwanamke mmoja akamwambia mwenzake, akininyooshea kidole.

Jina likanishika. Shuleni niliitwa Poteza-Kaburi hadi darasa la nane. Kukhu aliendelea kunisuka na kunipa minofu kwenye mchuzi wake, lakini hakuwahi kuwaambia watu waache. Alipofariki, wakati waombolezaji wakimlilia yeye, mimi niliwalilia wawili, yeye na mtoto wake.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsaidia Baba kufyeka litongo. Siku hizi anatembea akishika mgongo. Mvua ilikuwa imeanua, na jembe langu lilipokwaruza pembeni, harufu ya majivu ikapanda. Chini ya magugu palikuwa na duara la udongo mwekundu, mgumu kama tofali. Nikasimama juu yake. Nikahesabu saba kuelekea mashariki, nikafika pale ambapo Kukhu, na kikapu chake cha mrenda, alikuwa akipazunguka kila mara bila kupakanyaga. Hata baada ya siku ile.

"Baba," nilisema, "moto unaachanga alama."

Akafuta panga kwenye suruali. "Nimechoma matofali maisha yangu yote. Unadhani sikuona?"

"Mkaniacha hivyo?"

Akainama, akafyeka shina moja la gugu. "Nilikuwa nimechoka, mama. Ningewaambia watu nini? Kwamba naacha shamba lilale kwa sababu mamangu anasikia uchungu? Wangenicheka mpaka leo. Lakini makosa ya mtoto kila mtu anaelewanga." Akatema mate pembeni. "Mamangu alisema utakua, utasahau."

Kukhu alijua mambo mengi, lakini hilo alilikosea. Siku ile yeye na Madamu na Baba waliibeba siri moja kama mafiga yanavyobeba chungu, na hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Mimi ndiye niliyekuwa moto.

Sikuwa na hasira. Nadhani nilikuwa nimechoka hata na hiyo. Nililifunika lile duara kwa magugu tuliyofyeka, nikachuma mrenda wa kupika jioni, na nilipofika kwenye hatua ya saba nikapazunguka.