Mstari wa Funzo

Miaka kumi na tisa Madam Delia Advincula alikuwa ndiye maktaba ya sekondari moja ya mkoa wa Capiz, Ufilipino, maana bila yeye kungebaki chumba chenye popo darini. Yeye ndiye aliyebandika majalada kwa gundi, yeye ndiye aliyepigana na mchwa, na yeye ndiye aliyetunga fomu ya maoni ya msomaji: jina, darasa, umependa nini, hukupenda nini, na mwisho kabisa, funzo ulilopata. Hakuna mtoto wa kule anayemaliza kitabu bila kuandika funzo. Hata ukiwapa kitabu cha namba za simu watakitafutia.

Sasa, ilikuwepo riwaya moja ya michoro. Msichana anaishi na bibi yake, na kijiji kinanong'ona kwamba bibi ni aswang, yule binadamu anayesemekana kuota mabawa na kufuata maini ya wenzake. Mizimu imo tele, hata mti unaosema umo, lakini wanaoua mwishoni ni wanakijiji wenyewe, na bibi wa watu hakuwa aswang wala nini. Vijana walikiazima kitabu hicho mpaka jalada likang'oka. Wazazi wakaja juu: Capiz imechoka kuitwa nyumba ya aswang. Na kweli imechoka; ukitaja huko Manila kwamba unatoka Capiz, mtu anajishika tumbo kulinda ini lake. Mkuu wa shule, Madam Purita Dellosa, akasema yeye habishani na mtu. Wasomaji watoe maoni, kamati ikae Ijumaa saa tisa alasiri, iamue kitabu kibaki au kiondoke.

Delia akafurahi, masikini. Alhamisi akakaa na fomu arobaini na moja, na kadiri alivyosoma ndivyo damu ilivyompanda. Nimejifunza kuwachunguza majirani wanaoishi peke yao. Nimejifunza kutokula chakula cha mtu nisiyemwamini. Kijana mmoja, tena mwenye akili zake, alikuwa amejifunza kutundika vitunguu saumu dirishani. Kitabu walikipenda, hilo lilionekana, maana huko juu walijaza mioyo na mabishano ya nani amwoe nani. Walipofika mstari wa mwisho tu, kila mmoja alijifanya mtoto mwema akaandika alichodhani wakubwa wanataka kusikia. Na mstari ule aliuweka nani? Delia alitamani kujizaba kibao.

Fomu iliyokaribia mwisho ilikuwa ya Jhoylyn Baes wa darasa la tisa, msichana ambaye hajibu mpaka aulizwe mara mbili. Bibi yake aliuza biko, wali mtamu wa nazi, kwenye kona ya kanisa. Watu walinunua kwa adabu zote, kisha wakifika nyumbani wanampa mbwa. Delia naye alikuwa na mbwa.

"Nimependa ukurasa wa 63," Jhoylyn aliandika. "Bibi amepika na hakuna anayekula, basi anakula mwenyewe akiwa amesimama. Sikujua kama kuna mtu mwingine ameliona hilo." Wino ulikuwa umechuruzika hapo katikati. Mstari wa funzo ulikuwa mtupu.

Delia akaiweka juu kabisa ya rundo. Ijumaa asubuhi mkuu wa shule akaichomoa, akamrudishia bila kuisoma.

"Hii haijakamilika, Delia. Aijaze ndipo niihesabu."

Delia akamsihi asome tu pale juu. Mkuu akasema akipokea fomu nusu nusu, wazazi watasema maoni yamepikwa.

Basi Delia akamfuata Jhoylyn wakati wa mapumziko. Alikuwa na haraka, na haraka ndiyo iliyomponza.

"Mwanangu, weka funzo lolote hapo. Kuheshimu wazee, basi, yatosha. Niletee kabla ya saa nane."

"Ndiyo, Madam."

Saa nane kasoro Jhoylyn alikuwa mlangoni. Delia aliipokea ile fomu, akaitazama. Karatasi ilikuwa mpya, mwandiko umenyooka kama wa mashindano. Umependa nini: Michoro mizuri. Hukupenda nini: Hakuna. Funzo: Nimejifunza kuheshimu wazee.

"Ile ya kwanza iko wapi?"

"Nimeichana, Madam. Ilikuwa na madoa."

"Na ukurasa wa sitini na tatu? Mbona umeuacha?"

Jhoylyn alitazama viatu vyake. "Haukuendana na funzo, Madam."

Delia alitaka kumwambia akae pale pale aandike upya, neno kwa neno. Lakini angeandika nini tena, ila kile anachoamriwa? Akamwacha aende zake, akabaki kujilaani kimoyomoyo.

Saa tisa wanakamati wanane, wengi wao wazazi, walikaa. Mafunzo yakasomwa, majirani na vitunguu saumu, na wazazi wakazidi kukunja nyuso. Mkuu akamalizia na ya Jhoylyn, akaisifu kwa usafi. Hapo Delia akashindwa kuvumilia, akasimama akasema mtoto huyu alikuwa ameandika fomu nyingine kabla ya hiyo, na hiyo ndiyo iliyokuwa maoni.

"Ilisema nini?" mzazi mmoja akauliza, kwa upole tu.

Delia akawatazama wote wanane, watu wema, wateja wa biko pale kona ya kanisa kila Jumapili.

"Ilihusu chakula," akasema, akaketi, na kitabu kikaondolewa.