Kidude Kilichonyamaza Ghalani kwa Shosho Njoki

Mwanangu, nikikumbuka siku ile kule Kachibora, kitu cha kwanza kunijia ni mlio. Mahindi makavu ukiyamwaga kwenye turubai hulia chwaaa, kama mvua iliyoshuka ghafla juu ya mabati. Ya Shosho Njoki, bibi mkulima wa huko, yalianguka pu, pu, kama matope. Mpaka leo nikifumba macho nayasikia.

Najua unacheka nikikuita mwanangu, maana tumepishana miaka michache tu. Cheka. Mtoto wa dada yangu ni wangu, na sasa umeenda chuo Bungoma kusomea mitandao, basi pokea haka kadogo nilikonako.

Nilikuwa nimemaliza kozi fupi pale Kitale, kichwa kimejaa ndoto. Nilijiona nikiunganisha kila shamba kutoka Cherangany hadi Mlima Elgon. Fundi Wafula, ambaye aliwahi kufanya kazi kwenye jumba la seva, zile kompyuta kubwa za kutunza habari, Nairobi, akanichukua nimsaidie. Wakulima walitaka vidude vidogo vya kupima unyevu wa mahindi ghalani. Kimoja kingepasia kingine habari kwa redio, ghala hadi ghala, mpaka zifike kwenye kompyuta ya ofisi yao.

Fundi alivipanga jinsi mitambo ya seva inavyopangwa. Kule, kila mtambo unasalimia majirani wake bila kupumzika na kuwaambia njia zote unazojua. Mmoja ukizimika, mingine inajua papo hapo na ujumbe unapitia kwingine. Mpango mzuri ajabu. Lakini jumba la seva lina stima saa zote, na vidude vyetu vilikuwa na betri kama za tochi. Kwa salamu nyingi vile, betri zilikwisha kama mchezo. Fundi akazifuta salamu zote: kila kidude kinyamaze, kiseme tu unyevu ukipanda. Betri zikadumu. Tulishangilia, bana!

Halafu ikaja mvua ya upepo. Bati moja la ghala la Shosho likainuka, maji yakaingia, na kidude ndicho kilikuwa cha kwanza kulowa. Kikafa. Ofisini hakuna kilichobadilika. Kompyuta iliendelea kuonyesha "kavu", neno la mwisho ambalo kidude kilisema kabla hatujakinyamazisha. Shosho alikuwa akilea wajukuu, na mahindi yale ndiyo yangewafikisha mavuno mengine. Alipopiga simu kuuliza, tulimwambia alale salama. Alipokuja kufungua ghala, harufu ndiyo ilimpokea.

Tulimkuta ameketi mlangoni.

"Mliniambia iko sawa. Nani aliwaambia?"

"Mtambo, Shosho," Fundi akajibu.

"Huo mtambo ulisema?"

"Haukusema kitu. Tukajua ni sawa."

"Ati kunyamaza ni sawa? Mimi nikinyamaza hapa siku mbili, majirani watavunja huu mlango. Hawatangoja ninuke!"

Wajukuu wakacheka. Hata yeye akacheka kidogo, kisha akajipangusa macho kwa leso. Mimi ndiye nililia.

Majirani wakaja. Tukatenga yaliyooza na kuyafukia, yasiliwe hata na kuku. Mengine tukayaanika mpaka yakaanza tena kulia chwaaa. Hayakutosha, kwa hivyo kila jirani akaleta gorogoro yake, lile kopo la kupimia, limejaa mahindi, na gunia la Shosho likapanda polepole.

Fundi akakitoa ghalani kile kidude kilicholowa. "Kule Nairobi mitambo husalimiana kila kufumba na kufumbua," akaniambia. "Hapa vitasalimiana asubuhi na jioni, kama watu."

Akavipanga upya. Kila kidude kijue njia mbili tu za kupeleka habari ofisini, moja ikikatika kitumie nyingine. Ramani yote ikae ofisini. Na salamu ya asubuhi isipofika, mtu apande pikipiki aende aone kwa macho yake.

Mwanangu, utafundishwa mipango mizuri iliyotengenezewa majumba makubwa. Ichukue, usiiogope, ila ipunguze itoshee mahali unapoipeleka. Na kabla hujakata kitu, uliza kilikuwa kinafanya kazi gani. Zaidi ya yote, usije ukadhani kimya ni uzima. Iwe kidude, iwe mtu. Na si nimeona wiki hii hujanitumia hata neno moja?

Mungu akutunze huko Bungoma. Akupe akili nyepesi na moyo usiochoka kujulia wengine hali. Na siku wewe utanyamaza, asikose wa kugonga mlango wako.

Jioni ya siku ile ya ghala, wengine wakinywa chai kwa Shosho, nilienda nyuma ya ghala peke yangu, nikampigia nyanya yako Kimilili. Alikuwa hajanipigia siku nyingi, nami nilikuwa nimejiambia yuko sawa.

"Mama," nikasema, "umeshindaje?"